Mbwa wa Kiafghani hapa Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa watu wa Lubumbashi wanaofuga, au wanaowaza kufuga, mbwa wa Kiafghani: yule mrefu, mwembamba, mwenye nywele laini zinazoshuka hadi miguuni, ambaye wengi hapa wamezoea kumwita levrie afgani. Maswali ni yale tunayoulizwa barabarani, sokoni na kwenye simu. Tumeyajibu tukiangalia hali ya kwetu, yaani vumbi la kiangazi, mvua za kuanzia Novemba, kupe, umeme unaokatika na kuku wa jirani wanaoingia lupango bila kubisha hodi. Utaona jambo moja linarudi karibu katika kila jibu: chini ya zile nywele kuna mwindaji. Anayezitunza nywele na kumsahau mwindaji hatakaa kwa amani na mbwa huyu.

Mbwa huyu ametoka wapi, na ataweza hali ya hewa ya hapa?

Asili yake ni Afghanistan na nchi zinazoizunguka, ambako aliwinda sungura na swala kwa macho na kwa mbio, si kwa kufuata harufu. Uingereza ilimfahamu vizuri mwaka 1907, pale Kapteni Barff alipomwonyesha dume aliyeitwa Zardin mjini London. Baada ya vita ya kwanza ya dunia walifika wengine kwa mafungu mawili. Fungu la Bell-Murray lilifika Scotland mwaka 1920: mbwa wa nyanda za jangwa, warefu, wenye nywele chache zaidi. Fungu la Ghazni lililetwa na Mary Amps kutoka Kabul mwaka 1925: mbwa wa milimani, wafupi kidogo, wenye nywele nzito. Waliopo leo ni mchanganyiko wa damu hizo mbili. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja wanaweza kutofautiana sana kwa wingi wa nywele.

Kuhusu hali ya hewa, watu wengi hudhani mbwa wa nywele ndefu atakufa kwa joto la Katanga. Kabul iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, Lubumbashi kwenye mita 1,200 hivi. Mchana wa jua kali na usiku wa baridi anavijua tangu kwa babu zake. Zile nywele ziliota kwa ajili ya baridi ya milimani, na usiku wa Juni na Julai hapa kwetu zinamfaa. Kinachomshinda ni kile ambacho kwao hakikuwa kingi: unyevu wa miezi ya mvua, matope mekundu, na kupe. Kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Machi ndipo kazi yako inapoongezeka.

Anafikia ukubwa gani? Anaishi miaka mingapi?

Dume husimama sentimita 68 hadi 74 begani, jike 63 hadi 69. Uzito wa kawaida ni kilo 20 hadi 27, ambao ni mdogo kwa mbwa mrefu hivyo. Akitunzwa vizuri huishi miaka 12 hivi, na wapo wanaopita hapo.

Nataka mbwa wa kulinda lupango. Huyu atafaa?

Hapana. Tunalisema hili mapema kwa sababu ndilo linalovunja ndoa nyingi kati ya mbwa huyu na mwenye nyumba. Hapa mjini mbwa ananunuliwa kwanza kwa ajili ya wezi, na mtu akiona mnyama mrefu vile, mwenye shingo iliyonyooka na macho yanayomtazama mgeni kwa mbali, anaamini amepata mlinzi. Mbwa wa Kiafghani hampendi mgeni, ni kweli, lakini kutompenda kwake ni kumpa mgongo na kwenda kulala mahali pengine. Baadhi yao hubweka geti likigongwa. Wengi hawabweki. Kuuma mtu si tabia yake, na ukimlazimisha kuwa mkali kwa kumpiga au kumfunga mnyororo mchana kutwa utapata mbwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayemuuma mtoto wa jirani.

Kama shida yako ni usalama, weka sentineli, imarisha geti, au tafuta mbwa wa aina nyingine. Mbwa huyu umchukue kwa sababu unampenda yeye mwenyewe.

Basi tabia yake ikoje ndani ya nyumba?

Ni mtulivu kuliko watu wanavyotarajia. Mbwa aliyekomaa wa aina hii hulala saa nyingi, anachagua kiti kizuri kuliko vyote sebuleni, na hakusumbui kwa kukurukia kila unapoinuka. Mapenzi yake yapo ila hayana kelele: anakuja, anakuegemea paja, anaondoka. Halafu, bila sababu unayoiona, anaamka jioni na kuzunguka lupango mara kumi kwa kasi ya kutisha, anacheka kwa mwili mzima, kisha anarudi kulala. Watu wa nyumbani wanajifunza kusimama kando dakika hizo.

Ukali wa sauti unamuumiza. Nyumba yenye ugomvi wa kila siku humfanya akatae chakula na kujificha. Vilevile hapendi kuachwa peke yake siku nzima, na akizoea upweke anaharibu vitu au anatafuta njia ya kutoka.

Mbona haji nikimwita? Watu wanasema ni mjinga.

Mwaka 1994 mwanasaikolojia Stanley Coren alipanga aina za mbwa kwa jinsi wanavyojifunza na kutii amri, na mbwa wa Kiafghani akawekwa wa mwisho kabisa. Tangu hapo sifa hiyo imemganda. Lakini kilichopimwa pale ni kutii amri ya mtu. Mbwa wa kuchunga kondoo alizaliwa kumtazama mchungaji kila dakika. Huyu alizaliwa kukimbia mbali mbele ya farasi wa bwana wake na kuamua peke yake swala akigeuka kushoto afanye nini. Angesubiri amri, watu wangelala njaa. Akili yake iko kwenye kuamua.

Anafundishika, ila kwa masharti yake. Dakika tano zinatosha, mara mbili kwa siku, kabla ya chakula, na kipande cha nyama mkononi. Ukirudia jambo lilelile mara ya saba ataondoka, na hapo ni wewe uliyechelewa kumaliza. Usimpige hata kidogo. Mbwa huyu anakumbuka, na kuaminiwa naye tena huchukua miezi. Amri moja tu ndiyo tunakuomba uifundishe kwa bidii zote tangu utotoni: kuja akiitwa, ndani ya lupango, kila mara kwa zawadi. Hata hivyo usiitegemee nje ya geti.

Naweza kumtembeza bila kamba?

Usijaribu. Akiona kitu kinachokimbia, awe paka, mbuzi, kuku au mfuko wa plastiki unaopeperushwa na upepo, masikio yake yanafungwa na miguu inafunguka. Anaweza kufikia karibu kilomita 60 kwa saa. Kabla hujamaliza kutamka jina lake ameshavuka barabara ya Kasumbalesa yenye malori ya shaba, na hajaona hata lori moja kwa sababu macho yako kwenye ile mbuzi.

Mtembeze kwa kamba imara na kola pana isiyomkaba. Shingo yake ni ndefu na kichwa ni chembamba, kola ya kawaida huchomoka kirahisi. Asubuhi mapema na jioni ndizo saa nzuri, hasa Septemba na Oktoba joto linapokuwa kali. Kutembea tu hakumtoshi, anahitaji pia kukimbia kwa nguvu zake zote mara kadhaa kwa wiki. Tafuta mahali palipozungushiwa ukuta: uwanja wa shule siku ya mapumziko kwa ruhusa ya mkubwa wa shule, au lupango kubwa ya rafiki.

Ukuta wa nyumbani uwe na mita 1.80 au zaidi. Kagua chini ya geti pia. Na kama jirani anafuga kuku wanaotangatanga, nenda ukaongee naye kabla mbwa hajafika. Kuku mmoja akifa, lipa siku hiyohiyo bila kubishana bei. Ujirani mwema ni sehemu ya matunzo ya mbwa huyu.

Anapatana na watoto na wanyama wengine?

Watoto wakubwa wanaojua kumheshimu, ndiyo. Watoto wadogo wanaovuta nywele na kumpanda mgongoni, tusimlaumu akikunja uso. Mtoto asiachwe naye peke yake, kama ilivyo kwa mbwa yeyote. Na mbwa mwenzake wa ukubwa wake ataelewana naye vizuri. Paka aliyekua naye ndani anaweza kuwa salama, ila paka yuleyule akikimbia uani anaweza kugeuka windo. Sungura na kuku, hapana.

Nywele zake zinahitaji kazi gani hasa?

Kazi nyingi. Hesabu saa kadhaa kila wiki, kwa maisha yake yote, na uamue nani nyumbani ndiye mwenye kazi hiyo. Nyumbani kwetu ni binti yetu wa pili. Hapo ndipo tulipoona kwamba mbwa anatulia zaidi mkono ukiwa mmoja.

Kwanza elewa nywele zenyewe. Mtoto wa mbwa huyu hazaliwi na nywele ndefu. Ana manyoya mafupi mepesi, na ndevu za kuchekesha usoni ambazo baadaye hudondoka zenyewe. Nywele za utu uzima zinaota taratibu. Kuanzia karibu mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, au zaidi kidogo, zile za utotoni zinatoka huku hizi mpya zinaingia, na zinashikana. Miezi hiyo ni migumu. Unamaliza kuchana jioni, asubuhi kuna mafundo mapya nyuma ya masikio na kwapani. Wengi hukata tamaa hapo hapo, na wangevumilia kidogo wangefika mahali rahisi, maana nywele za mbwa aliyekomaa hazifungani kwa kasi ile. Katika kipindi hicho pia mgongo wake hubaki na nywele fupi kutoka mabegani hadi kiunoni. Si ugonjwa wala si upele. Ndivyo alivyoumbwa, usiruhusu mtu akuuzie dawa.

Usichane nywele kavu, zinakatika. Weka maji kwenye chupa ya kunyunyizia, changanya na krimu kidogo ya nywele ya kusuuzia, nyunyiza. Mlaze ubavu. Anza chini kabisa, kwenye mguu, ukishika nywele za juu kwa mkono mmoja na kuziachia mstari baada ya mstari kwa mwingine, hadi uone ngozi kila mstari. Anayechana juu juu anaacha blanketi la mafundo chini, na mbwa anaonekana mzuri huku ngozi inaoza. Tumia brashi ya sindano ndefu za chuma, kisha kitana chenye meno mapana. Fundo gumu lipasue kwa vidole kwanza, halafu kwa ncha ya kitana, kutoka mwishoni mwa nywele kuelekea ngozini. Sehemu zisizosahaulika ni nyuma ya masikio, kwapani, kati ya mapaja, chini ya mkia na katikati ya vidole.

Mwogeshe kila wiki moja hadi mbili. Mafundo makubwa yaondoe kabla ya maji, kwa sababu yakilowa yanakaza. Tumia shampuu ya mbwa, sabuni ya kufulia inakausha ngozi. Mimina maji kufuata mwelekeo wa nywele, usisugue kwa mviringo. Suuza hadi maji yatoke safi, kisha suuza tena. Kamua kwa taulo bila kufikicha.

Kukausha ndiko kunakotusumbua mjini hapa. Mbwa huyu akilala na unyevu ndani ya nywele, ngozi hupata vidonda na fangasi, na Januari unyevu haukauki wenyewe. Kwa hiyo muogeshe asubuhi, siku ambayo una uhakika wa umeme wa mashine ya kukaushia au jua la saa kadhaa. Ukiona mawingu na umeme hauna hakika, ahirisha. Mbwa mchafu kwa siku mbili zaidi hana shida.

Wakati wa kula, masikio yake huingia kwenye bakuli. Kata mguu wa soksi ndefu au mkono wa sweta kuukuu, umvishe kichwani ukirudisha masikio nyuma, umvue akishamaliza. Na baada ya kila matembezi ya majani marefu, mpapase kutafuta kishona nguo. Mbegu zile nyeusi zinaingia hadi kati ya vidole na ndani ya sikio, na zikichelewa kutolewa huleta usaha.

Joto la Oktoba likifika, nimnyoe?

Usimnyoe hadi ngozi. Nywele zinamkinga na jua, na ngozi yake iliyozoea kivuli huungua. Mpe kivuli, maji safi saa zote, sakafu ya ndani mchana, na matembezi ya alfajiri.

Lakini kumpunguzia nywele kwa mkasi hadi urefu wa vidole viwili au vitatu ni jambo lingine, na hatuoni aibu kulishauri. Mwenye mbwa akiwa yeye mwenyewe mgonjwa, akiwa amejifungua, au kazi ikiwa imemzidi, apunguze. Mbwa mwenye nywele fupi safi anaishi vizuri kuliko mwenye nywele ndefu zilizofungana. Nywele zitarudi. Wale wanaosema umemharibu hawapo siku ya kuchana.

Anakula nini? Bukari inatosha?

Bukari peke yake haitoshi. Inashibisha, ila misuli ya mkimbiaji inajengwa kwa nyama, samaki na mayai. Ukimpikia nyumbani, protini iwe sehemu kubwa ya bakuli, bukari au mchele iwe nyongeza, na mboga kidogo zilizopikwa bila kitunguu. Fretini, wale samaki wadogo wakavu, ni nzuri na si ghali, ziloweke kwanza zitoke chumvi na uondoe mchanga. Mtoto anayekua anahitaji pia madini ya kalisi kwa kipimo, na hapo ongea na veterineri kabla ya kubahatisha. Chakula cha mfuko cha mbwa kinarahisisha mambo kama mfuko haujafunguliwa ukauzwa kwa kopo sokoni. Hujui umekaa juani siku ngapi.

Onyo moja ambalo halisemwi vya kutosha katika nchi ya mahindi: unga au mahindi yenye ukungu usimpe mbwa. Ukungu ule una sumu ya aflatoksini inayoharibu ini, na mbwa huumia nayo haraka. Watu hutupa kwenye bakuli la mbwa unga waliouona haufai kwa watu. Utupe jalalani. Vingine vya kuepuka ni vitunguu, chokoleti, zabibu, pombe, na mifupa iliyopikwa, ambayo hupasuka vipande vyenye ncha.

Mpe mara mbili kwa siku. Usishtuke kuona mifupa ya nyonga inatokeza mgongoni, kwani aina hii ndivyo ilivyo hata akiwa na afya. Pima kwa vidole chini ya nywele: mbavu zihisike bila kubonyeza sana, lakini zisiwe kali.

Tumbo limevimba ghafla na anataka kutapika lakini hakitoki kitu. Nifanyeje?

Acha kusoma, mpeleke sasa. Mbwa wenye kifua kirefu kama huyu hupatwa na tumbo kujaa hewa kisha kujisokota, na damu inakatika. Dalili ni tumbo gumu, kujaribu kutapika bila kitu, mate mengi, kuhangaika, ufizi kupauka. Anaweza kufa kwa saa chache, na dawa ya kienyeji au mafuta ya kunywesha hayasaidii. Piga simu kwa veterineri ukiwa njiani ili ajiandae. Kupunguza hatari, gawa chakula mara mbili au tatu, na asikimbie muda mfupi baada ya kula.

Chanjo zipi ni za lazima?

Chanjo za parvo (ugonjwa wa kuhara damu), maradhi ya Carré na homa ya ini ya mbwa huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, zikarudiwa kila wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki 12, ikarudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya chanjo yenyewe. Kabla hazijakamilika asishuke barabarani wala asinuse mbwa wasiojulikana. Parvo huua watoto wengi hapa.

Kichaa cha mbwa bado kipo Kongo, na dalili zikishajitokeza kwa mtu karibu hakuna anayepona. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata wako, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akaulizie chanjo. Tunza kadi ya chanjo ya mbwa mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua.

Kupe nao?

Kwa mbwa huyu kupe hawaonekani kwa macho, wanatafutwa kwa vidole. Kila jioni ya miezi ya mvua pitisha vidole ndani ya masikio, shingoni, kwapani, kati ya vidole na chini ya mkia. Mtoe kwa kibano karibu na ngozi, vuta moja kwa moja bila kumkamua wala kumchoma kwa kiberiti. Mpe pia dawa ya kila mwezi, ya kupaka au kidonge, kulingana na uzito. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na sindano za ng'ombe usiziguse: ni kali mno, na kosa dogo la kipimo linaua.

Kupe huleta magonjwa ya damu yanayoitwa babesiozi na erlikiozi. Homa, kukataa chakula, uchovu, ufizi mweupe au wa manjano, mkojo wa rangi ya kahawia, damu puani: yoyote kati ya hayo ni safari ya kwa veterineri leo, kupimwa damu. Magonjwa haya yanatibika yakishikwa mapema. Ubaya ni kwamba nywele huficha kukonda, na mbwa mwenyewe huwa mtulivu, hivyo mwenye nyumba anadhani amelala tu. Mjue mbwa wako kwa hamu yake ya kula na rangi ya ufizi wake.

Kuna pia funza wa nzi, yuleyule anayetufanya tupige pasi nguo zilizoanikwa nje. Ukigusa uvimbe wenye tundu dogo katikati, paka vaselini uzibe tundu, subiri, kisha kamua taratibu hadi atoke mzima.

Vumbi la viwanda vya shaba lina madhara kwake?

Tunaliuliza wenyewe kila mwaka kiangazi kinapoanza. Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilianza kazi mjini mwaka 1911, na udongo wa sehemu ulikoelekea moshi wake kwa miaka mingi umechafuliwa na shaba, zinki, risasi na madini mengine mazito. Mbwa wa nywele ndefu hukusanya vumbi hilo, kisha hujilamba. Asichimbe wala kulala kwenye ardhi tupu iliyo karibu na mabaki ya kiwanda au mchanga wa mgodi. Mfute miguu na tumbo kwa kitambaa chenye maji kila mnaporudi, na wakati wa vumbi jingi usipitishe wiki bila kumwogesha. Ni ushauri ambao ungefaa na kwa viatu vya watoto.

Yapo magonjwa ya ukoo wake?

Yapo. Mtoto wa jicho anaweza kuanza akiwa bado kijana. Baadhi hupata ugonjwa wa kurithi wa uti wa mgongo, kwa kawaida kabla au karibu ya mwaka mmoja: miguu ya nyuma inalegea, kisha kupooza kunapanda mbele kwa muda mfupi, na hauna tiba. Hutokea pia kifua kujaa maji meupe yenye mafuta, au sehemu ya pafu kujisokota, na dalili yake ya kwanza ni kuhema kwa shida.

Kuhusu tezi ya tairoidi, upungufu wake upo katika ukoo huu, lakini levrie, yaani mbwa wa mbio wa jamii yake, wenye afya nzuri mara nyingi wana homoni hiyo chini ya kipimo cha mbwa wa kawaida. Karatasi moja ya maabara isitoshe kumwanzishia vidonge vya maisha. Veterineri aangalie pia dalili: kunenepa bila kula sana, nywele kutoka pande zote mbili, mwili kuwa mzito kuamka.

Anahitaji upasuaji. Nimwambie nini veterineri?

Mwambie wazi kwamba ni levrie, hata kama anaonekana analijua. Mbwa hawa wana mafuta machache sana mwilini, na ini lao husafisha polepole baadhi ya dawa za usingizi za jamii ya babitureti, kama thiopentali. Wakichomwa hizo hulala muda mrefu mno, na wengine hawaamki vizuri. Zipo dawa nyingine zinazowafaa. Apimwe kwenye mizani, asikadiriwe kwa macho, maana nywele humwonyesha mzito kuliko alivyo. Na baada ya upasuaji afunikwe, kwani hupoteza joto upesi. Veterineri mzuri hatakasirika ukimwambia haya. Lubumbashi tuna bahati ya kuwa na kitivo cha tiba ya wanyama kwenye Chuo Kikuu, UNILU, na wengi waliosoma pale wanapenda kuulizwa.

Alale nje au ndani?

Ndani, juu ya godoro. Sakafu ya saruji humtoa vidonda viwikoni kwa sababu hana nyama ya kujikinga, na radi za Desemba zinaweza kumfanya aruke ukuta.

Ni kweli mbwa wa kwanza kunakiliwa maabara alikuwa wa aina hii?

Ndiyo. Aliitwa Snuppy, alizaliwa Korea Kusini mwaka 2005 kutokana na seli za sikio la mbwa mwingine wa Kiafghani.

Nitamjuaje mtoto wa kweli wakati wa kununua?

Kwa macho peke yake ni vigumu, kwa kuwa watoto hawana nywele ndefu bado, na mtu anaweza kukuuzia chotara kwa bei ya levrie. Omba kumwona mama, na baba ikiwezekana. Uliza macho yao yalipimwa lini, na kama kuna ndugu aliyepooza. Anayekataa maswali hayo, mwache. Akitoka nchi nyingine, lazima aje na cheti cha afya na kadi ya chanjo ya kichaa, na uulize ofisi husika masharti ya kuingiza mnyama kabla ya kulipa chochote. Usimchukue chini ya wiki 8. Kama hujawahi kufuga mbwa, omba kwanza kumchana wa mtu mwingine kwa mwezi mmoja, kila Jumamosi. Baada ya hapo utajua kama bado unamtaka.

Nasafiri wiki mbili. Nimwachie nani?

Mtu anayemjua tayari, na mbwa abaki nyumbani mwake kama inawezekana. Kama ni mgeni, aanze kuja wiki moja kabla, amlishe na kumchana ukiwepo. Muachie karatasi iliyoandikwa kwa mkono: vipimo vya chakula, namba mbili za veterineri, siku ya dawa ya kupe, dalili za tumbo kuvimba, na neno hili kwa herufi kubwa kwenye geti upande wa ndani: FUNGA KWANZA, NDIPO UFUNGUE MLANGO WA NYUMBA. Pesa za dharura ziwe kwenye bahasha pamoja na karatasi hiyo, si kwenye simu, kwa sababu mtandao hukatika siku usiyoitaka.